Bustani Isiyoomba Maji

Wacha niseme mapema: mimi si mtu wa kungoja. Mama yangu, huko Makueni, alikuwa akisema nilizaliwa kabla mkunga hajavua viatu. Kwa hivyo mtu akianza kunihubiria ya haraka na baraka, namwambia akawahubirie kobe.

Niko na nasari kando ya barabara ya Namanga, hapa Kitengela, mwaka wa kumi na moja sasa. Miche ya matunda upande huu, maua upande ule, tangi la maji katikati. Mwezi wa tano wenye barabara walikuja na mkebe wa rangi nyekundu, wakachora X kubwa kwenye tangi langu na nyingine kwenye mlango wa stoo. Wakasema barabara inapanuliwa, mwezi wa saba ukiisha niwe nimeondoka. Nikawauliza, niondoke niende wapi na miche elfu tatu? Jamaa wa rangi akaniangalia, akafunga mkebe wake, akaenda kwa jirani.

Ndiyo maana nilipoona tangazo la mashindano ya bustani kwenye maonyesho ya kilimo ya Kajiado, sikusoma mara mbili. Kila mshindani anapewa kiwanja cha hatua nane kwa kumi, na wiki mbili za kujenga. Mada ya mwaka huu: Bustani Isiyoomba Maji. Na mshindi anapewa sehemu ya kuweka nasari ndani ya uwanja wa maonyesho, kando ya lango kabisa, kwa miaka mitano, pamoja na mfereji wa maji. Miaka mitano, aki! Sikutaka kombe, sikutaka kupigwa picha na wakubwa. Nilitaka ile sehemu. Nikiikosa, miche yangu inanifia juu ya lori nikitafuta mahali pa kuishusha.

Tulikuwa washindani saba, na wa kuogopwa alikuwa mmoja: Ngigi wa Tuala, mwanamume wa kofia pana na mdomo mpana zaidi. Siku ya kwanza tu alishusha minazi ya mapambo, kokoto nyeupe, na chemchemi ya pampu inayotoa maji kwenye mdomo wa samaki wa simiti.

“Ngigi,” nikamwambia, “mada ni bustani isiyoomba maji. Wewe unaleta samaki?”

“Maji yanazunguka tu, Mama Roy. Hayaombi. Yanajirudia yenyewe.”

Roy ni mwanangu, yuko chuo Eldoret, lakini huku kila mtu ananiita kwa jina lake, Kalunde langu limebaki kwenye kitambulisho. Nikamwachia Ngigi samaki wake.

Bustani yangu niliipa jina Wiki ya Tatu. Ukiishi Kajiado unajua. Mvua ikinyesha vizuri, wiki ya kwanza ni matope, ya pili ni rangi ya kijani inayoanza kwa aibu, ya tatu nyasi inasimama na vichwa vyekundu, na upepo ukipita juu yake hata mtu mwenye shida anasimamisha gari. Hiyo wiki ndiyo nilitaka kujenga. Ua wa miiba kuzunguka, kama wa boma. Njia ya mawe inayopinda. Shubiri na mkonge mwitu pembeni. Kigoda kimoja cha kukalia. Na nyasi, nyasi, nyasi. Bila hiyo nyasi bustani yangu ilikuwa mawe na shubiri, kama kaburi la mtu asiye na jamaa.

Mbegu tulipanda mwezi huohuo wa tano, mimi na Soipan, kwenye trei themanini. Soipan amefanya kazi na mimi miaka sita. Ni Mmasai wa Isinya, na nyasi anazijua vile mimi najua miembe. Zilitoka vizuri. Halafu wiki moja kabla ya majaji kuja, lori la maji matamu likachelewa. Soipan akasema, “Ziache na kiu siku mbili, Mama Roy, hazitakufa. Nyasi ya huku imezoea.” Mimi nikaona majani yameanza kujikunja, roho ikakataa. Nikafungulia maji ya kisima. Sasa, maji ya kisima ya Kitengela kila mtu anayajua: ukichemsha chai, birika linabaki na ukoko mweupe wa chumvi. Nilimwagilia Ijumaa. Jumatatu nyasi yote ilikuwa rangi ya chai ya maziwa.

Hiyo Jumatatu Soipan alikuwa anaenda Mashuuru, dada yake amejifungua. Majaji walikuwa wanakuja Ijumaa. Alinikuta nimesimama katikati ya trei, mikono kichwani, nikimwita Mungu kwa Kikamba.

“Mama Roy, tulia. Narudi Jumatano. Mimi mwenyewe nitaenda kuongea na watu wa kwetu Isinya. Nyasi iko. Lakini nyasi inaombwa.”

“Jumatano ni mbali.”

“Jumatano si inakuja kabla ya Ijumaa?”

“Sawa,” nikasema. Na nilisema kwa mdomo wote, msidhani nilimdanganya. Nilikuwa nimekubali kabisa. Ila Jumanne saa moja asubuhi nilikuwa ndani ya pikap ya shemeji yangu Kyule, na jembe la meno, na sepetu mbili, na mitungi minne ya maji.

Tulipita mashamba ya maua, tukapita Isinya yenyewe, tukakata kushoto kwenye barabara ya vumbi. Kila mahali mifugo ilikuwa imekula mpaka ardhi ikabaki kama kichwa kilichonyolewa. Kyule akaanza kulalamika juu ya mafuta. Halafu, nyuma ya kanisa la mabati ya buluu, nikaiona. Nikapiga dashibodi kwa kiganja.

“Simama! Kyule, simama!”

Kipande kidogo, hata robo ekari hakifiki, kimezungushiwa matawi ya miiba, na ndani nyasi imefika magotini, vichwa vyekundu vinatikisika. Hakuna ng'ombe ndani. Hakuna nyumba. Boma la karibu lilikuwa ng'ambo ya korongo, na kwenye lile boma hakukuwa na mtu, labda wamepeleka mifugo kunywa maji.

Sasa nikueleze vile sisi watu wa Kitengela tunavyofikiria. Ukiona nyasi imesimama na hakuna anayeila, hiyo ni ploti ya mtu wa Nairobi. Amenunua, ameweka ua, amerudi mjini kungoja bei ipande. Nyasi kwake ni takataka. Siku moja atakuja na tingatinga, na hutasikia akiuliza nyasi ilienda wapi. Tumeona ploti za namna hiyo mpaka macho yetu yamezoea, na hakuna hata mmoja wetu anayeuliza tena.

“Hii ni ya mtu,” Kyule akasema.

“Ni ya mtu wa Nairobi. Tunamsaidia kufyeka.”

Mlangoni palikuwa na tawi kubwa la miiba limevutwa likaziba vizuri, na chini yake mchanga umelainika kwa kuvutwavutwa. Niliuona huo mchanga. Mlango unaofunguliwa mara moja kwa mwaka hauachi alama kama hiyo, hata mtoto anajua. Niliuona, nikavuta tawi, nikaingia.

Kuhamisha nyasi hai si kazi ya nguvu. Unamwaga maji kwanza ardhi inywe. Unakata mraba wa futi moja kwa sepetu, unaingiza jembe la meno kwa chini, vidole vinne, unainua polepole ili mizizi isikatike, unalaza kwenye gunia bichi. Kyule alikuwa anabeba, mimi nakata. Mapande mia moja na ishirini, safari mbili mpaka Kajiado na kurudi. Nilifanya kazi vizuri, siwezi kusema uongo. Hakuna kichwa hata kimoja kilichovunjika. Tulipomaliza, katikati ya ile nyasi palibaki pahali peusi, papana kama sebule ya mtu tajiri. Nikarudisha tawi la miiba mlangoni, nikajipangusa, nikaenda zangu.

Kufikia jioni ya Jumanne bustani ilikuwa imesimama. Upepo ukaja, nyasi ikainama, ikainuka. Ngigi akatoka kwa samaki wake akaja akasimama nje ya ua wangu, kofia mkononi. Hakusema kitu. Ngigi! Nikajua nimempata.

Jumatano saa sita Soipan akafika, begi bado begani. Aliiona kutoka mbali akaanza kucheka.

“Mama Roy! Wacha! Hii ni kwetu kabisa!” Akapiga magoti, akapitisha kiganja juu ya vichwa vya nyasi. “Ni nani huyo amekupatia?”

“Nimetoa mahali.”

“Mahali wapi?”

Nikamweleza: barabara ya vumbi, kanisa la buluu, ua wa miiba, ploti ya mtu wa Nairobi. Nilikuwa naeleza huku napanga mawe, kwa hivyo sikuona uso wake. Nikageuka. Alikuwa ameondoa mkono kwenye nyasi.

“Hiyo si ploti,” akasema. “Hiyo ni olopololi.”

“Ni nini?”

“Nyasi ya ndama. Mtu anafunga mahali karibu na boma, ng'ombe mkubwa haingii, hata kiangazi kiwe namna gani. Inangoja. Kiangazi kikishika, wale wakubwa wanapelekwa mbali, ndama na wagonjwa wanabaki na hiyo tu.” Akainuka. “Kila mtu anajua. Hakuna mtu anagusa.”

“Mimi sikujua.”

“Ndiyo nilikuambia ungoje.”

“Ni ya nani?”

“Ni ya Nalangu. Bwana yake alikuwa Metito, alikufa mwaka juzi. Ile ng'ombe ilibaki baada ya ukame ni kidogo. Ako na ndama watatu tu.” Akaweka begi begani vizuri. “Twende tumwambie. Saa hii.”

Niliangalia nyasi, nikaangalia ile sehemu tupu kando ya lango la uwanja, ambayo nilikuwa nimeshaipanga kichwani, miembe hapa, tangi pale.

“Tutaenda Jumamosi,” nikasema. “Majaji wakishapita. Nitamrudishia yote, nimwongezee na marobota ya nyasi kavu.”

“Ndama hajui Ijumaa ni lini, Mama Roy.”

Basi nikawaka. Mwenye makosa ndiye huwaka haraka. Nikamwambia kama anataka kuhubiri, kanisa analijua, liko na mabati ya buluu. Nikamwambia yeye hana X nyekundu kwa mlango. Nikamwambia mengi. Soipan alinisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akasema, “Nimesikia,” akaondoka. Miaka sita, na hakuwahi kutoka kazini kabla ya saa kumi na moja.

Alhamisi sikukaa. Nilisogeza kigoda upande wa kushoto, nikakirudisha kulia. Nilifagia njia ya mawe mara nne mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza pete. Nilimwagilia nyasi kwa kikombe, pande moja baada ya jingine, na kila pande lilikuwa limeshika vizuri, mizizi imeanza kuuma udongo mpya. Badala ya kufurahi nikaweka kikombe chini. Nikampigia Soipan, simu ikaita mpaka ikachoka. Nikajiambia, ni siku moja tu. Nani hufa njaa kwa siku moja? Nikajiambia, huyo Nalangu ningemwuliza na angekataa, je? Nikajiambia kila kitu. Kyule alipokuja na chapati na maharagwe nilimfokea bila sababu, akala zote mwenyewe na hakunikasirikia, na hiyo ikaniudhi zaidi.

Watu husema siku za mwizi ni arobaini. Zangu zilikuwa tatu.

Ijumaa saa nne majaji walianza upande wa mbali. Walikuwa watatu, na mkuu wao ni Madam Evalyne, mwalimu mstaafu wa kilimo, mwanamke mrefu anayeandika kila kitu. Walipofika kwa Ngigi, bustani moja kabla ya yangu, nikasikia kengele ndogo nyuma yangu. Kengele ya shingoni. Kwenye maonyesho ya kilimo hakuna anayeshangaa kuona ng'ombe, kwa hivyo hakuna aliyegeuka ila mimi.

Alikuwa mwanamke wa rika langu, shuka la buluu, shanga chache, viatu vya mpira, fimbo. Mbele yake ndama watatu, mbavu zinahesabika. Nyuma yake Soipan, macho chini. Walikuwa wamepanda lori la watu wa Isinya waliokuwa wanaleta mafahali wa maonyesho.

“Takwenya,” akanisalimu kwa Kimaasai.

“Iko,” nikajibu.

Nalangu akasimama nje ya ua wangu wa miiba akaangalia nyasi yake. Aliangalia sana. Sikuona hasira, na ningetaka hasira, hasira najua pa kuishika.

“Imesimama vizuri,” akasema.

“Mama, nisamehe. Sikujua. Nilidhani ni ploti ya mtu wa Nairobi. Lakini si ungeweka hata kibao?”

Ndiyo, nilisema hivyo. Mdomo wangu huu.

“Kibao?” Akanigeukia, anashangaa kweli. “Niandike nini? Kwetu hakuna mtu hajui nyasi ni ya nani.”

Kwa Ngigi, majaji walikuwa wanacheka kwa sababu samaki alikuwa amewarushia maji. Nikashusha sauti. “Nipe saa moja tu. Wakishapita, leo jioni naanza kurudisha. Naapa.”

“Jioni?”

“Jioni ya leo.”

“Nimeuliza pale langoni,” Nalangu akasema. “Wameniambia bustani ikishinda inakaa mpaka Jumapili, watu waangalie. Sasa unarudisha leo namna gani?”

Nilikuwa najua hiyo kanuni kwa moyo, nilikuwa nimeisoma mpaka karatasi ikachanika. Ndama mmoja, mwekundu mwenye doa jeupe, akasukuma pua kwenye miiba, akatafuta njia, akarudi nyuma.

Hapo nikakumbuka kitu Soipan aliniambia zamani, siku tukipanda uani kwa mteja: kwao mtu akitaka amani anashika nyasi mkononi, na ukimwona ameshika nyasi huwezi kumpiga, hata kama amekuchoma moyo. Na nitakuambia ukweli, kwa sababu nimeshaanza: sikuikumbuka kwa unyenyekevu. Niliikumbuka kama mtu anayekumbuka ana ufunguo wa pili. Nikainama, nikashika fungu la nyasi, nikavuta.

Mikono yangu ni ya mtu wa nasari. Haijui kuchuma, inajua kung'oa. Fungu likatoka lote, na mizizi, na donge la udongo, na nikamnyooshea hivyohivyo, udongo unamwagika juu ya viatu vyangu.

Nalangu hakuangalia uso wangu. Aliangalia mizizi.

“Umeng'oa tena,” akasema.

Hakusema kwa ukali. Alisema polepole, vile unavyomwambia mgonjwa kwamba amejikojolea. Soipan akageuza uso. Na mimi nikasimama pale na ile nyasi mkononi, mwanamke wa miaka arobaini na tisa, mama wa mtu, mshirika wa kanisa, na aibu ikanipanda kutoka kwenye nyayo mpaka masikio yakawaka moto. Siku tatu nilikuwa nimejiambia sikujua. Sasa nilijua, na angalia mkono wangu.

Nikapiga magoti nikarudisha lile fungu kwenye shimo lake, nikalishindilia kwa vidole. Nikaenda kwenye lango langu la miiba. Nilikuwa nimelifunga kwa waya ili lisiangushwe na upepo, na waya ukakataa kufunguka. Nikauvuta mpaka ukanichana kidole. Tawi likatoka.

“Waingize,” nikasema.

Nalangu akanipima kwa macho. Kisha akapiga mluzi mdogo, na ndama wakaingia.

Walikula vile mtu anayejua chakula ni chake hula, bila kuangalia pembeni. Vichwa vyekundu vya wiki yangu ya tatu vilikatika kwa mafungu. Yule mwekundu mwenye doa alisimama juu ya njia yangu ya mawe, akainua mkia, akafanya haja yake hapohapo. Watu wakaanza kuja. Simu zikatoka. Mtu akapiga makofi, na wengine wakafuata, na katikati ya makofi nikamwona Madam Evalyne amesimama langoni na kalamu yake, majaji wenzake wawili nyuma yake.

Nilidhani atapiga kelele. Macho yake yalikuwa yanang'aa.

“Kalunde,” akasema, “hawa ndama ni sehemu ya bustani?”

Nikamwangalia.

“Kwa sababu kama ni mpango wako, huu ni ubunifu sijaona miaka yote nimekuwa jaji. Bustani isiyoomba maji, na bado inalisha. Ni mpango wako?”

Umati ukasogea kunisikiliza. Ngigi alikuwa pale, kofia imeloa. Niliona uso wake, na uso wake ulikuwa umeshashindwa. Neno moja tu. Silabi mbili. Ndiyo. Na Nalangu asingesema kitu, nilimwona, alikuwa anaangalia ndama zake na habari ya majaji haikumhusu. Soipan alikuwa ananiangalia. Hakunitikisia kichwa wala hakunikonyeza. Aliniangalia tu.

Mungu wangu, nilitaka kusema ndiyo! Nilitaka mpaka ulimi ukauma.

“Hapana,” nikasema. Ikatoka ndogo, nikarudia. “Hapana, madam. Nyasi si yangu. Niliichimba kwa shamba la huyu mama bila kumwuliza. Ndama ni wake. Wanakula nyasi yao.”

Mtu mmoja akacheka, akaona wengine hawacheki, akaacha.

“Unajua kanuni inasema nini juu ya mimea ya wizi?” Madam Evalyne akauliza. Hakuwa na ukali. Alikuwa kama mtu aliyepewa zawadi ikachukuliwa.

“Najua.”

Akaangalia nyasi kidogo tena, akachora mstari kwenye karatasi yake, wakaenda kwa mshindani wa sita. Watu wakawafuata. Ngigi akabaki nyuma, akanisogelea.

“Mama Roy, kwani wewe uko sawa? Walikuwa wanakupatia!”

“Nenda ukaangalie samaki wako, Ngigi.”

Akatikisa kichwa, akaenda. Saa nane walimtangaza mshindi, na chemchemi yake, na minazi yake inayokunywa mtungi mzima kwa siku. Nilipiga makofi. Nilipiga kwa nguvu, kwa sababu nilikuwa na hasira na sikuwa na kingine cha kupiga.

Niliporudi kwenye kiwanja changu nilimkuta Nalangu amekaa kwenye kigoda changu, fimbo magotini. Nusu ya nyasi ilikuwa imeliwa mpaka chini. Soipan alikuwa ameanza kunyanyua mapande ya upande wa pili, akiyalaza kwenye magunia mabichi, bila mtu kumwambia.

“Mizizi bado iko hai,” Nalangu akasema. “Kesho unarudisha yote. Wewe mwenyewe, na mikono yako. Na unamwagilia mpaka ishike.”

“Nitarudisha.”

“Si maji ya kisima chenu.”

“Si ya kisima.”

Mwekundu alikuwa amelala sasa, anacheua, tumbo limejaa upande mmoja. Nalangu akamwangalia muda mrefu, kisha akanigeukia.

“Soipan ameniambia juu ya ile rangi nyekundu. Ndama zangu zimekula,” akasema. “Na wewe utakula nini?”

Nikafungua mdomo nimjibu. Mimi, Kalunde, ambaye sikumngoja hata mkunga. Niliona miche elfu tatu, na lori, na barabara, na hakuna pahali popote mwisho wake. Nikakaa chini kwenye udongo kando ya kigoda nikalia, kwa sauti, mchana kweupe, watu wakipita na soda zao. Nalangu hakuniambia ninyamaze. Alinyoosha fimbo yake kumzuia ndama mmoja asile shubiri, na mkono mwingine akauweka begani mwangu, akauacha hapo.